Noeli ya Mapasa Wasioimbiwa

Jumamosi, 3 Desemba 1949

Nimechelewa mno kuandika. Aibu ni yangu mwenyewe. Sista alinipa daftari hili siku naondoka Karema, kwetu ziwani, akasema niandike kila Jumamosi, nijichunguze. Mara ya mwisho kuandika nilikuwa na tumbo. Sasa nina mapacha, mapasa kama wanavyosema huku, na mvua, na vitambaa vya watoto visivyokauka.

Leo posho. Huku Jumamosi haina jina lingine: siku ya posho. Jumatatu ni kazi moja, Jumanne kazi mbili, hivyo hivyo hadi kazi tano, na Jumapili ni siku ya Mungu. Mwanzoni nilicheka. Nimepanga mstari kwa kapita anayepima posho, Vinsenti mgongoni, Veronika kifuani, binti yangu mkubwa Rozalia kashika kikwembe changu, kitenge. Unga, maharage, mafuta ya ngazi, yaani mawese, chumvi, nyama kidogo. Wanawake wamenipisha. Wananipisha kila mara. Hakuna anayenigusa.

Ni kwa sababu ya mlango. Niandike, labda utanitoka kichwani.

Watoto walikuwa wachanga kabisa. Alasiri wakaja wanawake wa kambi yetu nzima ya reli, Makomeno, nyuso zimepakwa pemba, ule udongo mweupe, wanagonga masahani na makopo. Mbele yao Mama Kalenga, jirani yangu wa ukuta mmoja, mtu wa Manono, rozari shingoni. Nilidhani wanakuja kunipongeza. Kisha nikasikia maneno. Matusi. Juu ya tumbo langu, juu ya mume wangu, juu ya kitanda chetu. Siwezi kuyaandika. Mimi nimelelewa na Masista tangu mama alipofariki. Neno kama lile lilikupeleka kupiga magoti kwenye changarawe. Nikafunga mlango. Nikatia komeo. Waliimba kidogo huko nje, wakanyamaza mmoja mmoja, wakaenda zao.

Mume wangu Aloizi aliporudi kazini akaniambia mapasa huimbiwa, matusi ndiyo baraka yao, hata kwao bibi yake alicheza ngoma hiyo. Nilikuwa sijui. Lakini hata baada ya kujua sikufungua.

Jumanne, 6 Desemba

Mizani ya watoto, kliniki ya kambi. Vinsenti amepanda. Veronika ameshuka. Tena.

Madamu wa mizani alimtazama Veronika, halafu akanitazama mimi. Maziwa yangu hayawatoshi wawili. Najua bila kuambiwa. Vinsenti ananyonya kama mwizi. Veronika anachoka, analala kabla hajashiba. Nimepewa kopo la maziwa ya unga na maonyo: chemsha maji, chemsha chupa. Na habari: kuanzia tarehe ishirini na tatu kliniki itafungwa hadi baada ya Bonane. Ndivyo wanavyouita mwaka mpya huku.

Mjini watoto wa Wazungu wamepata peremende za Mtakatifu Nikola. Aloizi amemwona huyo Nikola juu ya gari, ndevu za pamba. Na madirisha ya maduka yamebandikwa pamba, eti theluji. Mvua inanyesha, wanawake wanauza uyoga barabarani, na wao wanabandika pamba. Nilicheka peke yangu. Kisha nikafikiri: na mimi je? Nataka Noeli ya ziwani mahali pasipo na ziwa. Na mimi nabandika pamba yangu.

Alhamisi, 8 Desemba

Sikukuu ya Bikira Maria. Misa, kisha kufua.

Mama Kalenga ananyonyesha. Mwanawe wa mwisho ni mnene, mapaja kama mikate. Maziwa yanamjaa hadi blauzi inalowa. Leo nimemwona nyuma ya nyumba anayakamua chini, kwenye majani. Upande wa pili wa ukuta mwanangu analia.

Nikamwendea. Nikamwambia wazi. Amsaidie Veronika, mara moja kwa siku tu.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Mi sina hasira na weye, Mama Rozalia. Ni maziwa. Nikinyonyesha mwana wa mapasa mwenye habajamuimbia, maziwa inakauka. Na huyu wangu atakula nini? Unataka tulie batoto batatu?"

Nikasema hiyo ni imani ya kipagani. Nilisikia sauti ya Sista ikitoka kinywani mwangu.

"Pagani?" Akaishika rozari. "Asubui nilikuwa mu misa, mbele yako. Mungu njo alileta babili pa moja. Sisi tunacheka naye."

Akaniambia Noeli watu wote watakuwa nyumbani. Nyama itakuwepo, munkoyo, kinywaji cha mahindi, utakuwepo. Baada ya misa waje waimbe. Nisifunge mlango, basi.

Nikasema hapana. Siku ya kuzaliwa Bwana, matusi mlangoni kwangu? Hapana.

Nimefagia nyumba mara ya pili. Haikuwa chafu.

Jumapili, 11 Desemba

Rozalia ameuimba ule wimbo. Uani, mbele ya watu, huku anamwogesha mwanasesere wake wa gunzi. Kila neno. Ana miaka minne, hajui anachosema. Wanawake walijifunika nyuso kwa vikwembe, mabega yanatikisika.

Nimemfinya mdomo. Akalia sana. Baadaye nikampa ukoko wa bukari, ugali wa huku, wenye sukari na kumbeba mgongoni kama mtoto mdogo. Nilipomtua akaniuliza, "Mama, wimbo wa kaka na dada ni mubaya?" Nikampangusa sukari mdomoni.

Anasema mubaya, siyo mbaya. Anasema batoto. Ndiye mtu wa huku, mimi ndiye mgeni.

Jumatano, 14 Desemba

Aloizi atakuwa Sakania, kule mpakani, siku ya Noeli. Treni hazijui sikukuu. Yeye hutia makaa kwenye mashine, na mwenzake ni mgonjwa, kwa hiyo ni yeye. Ataondoka tarehe ishirini na tatu, atarudi baada ya sikukuu.

Tumegombana. Siyo juu ya Sakania.

"Wafungulie. Ni matusi ya kucheka."

"Mama yangu hakunifundisha matusi."

"Mama yako alikufa kabla hajakufundisha. Ungekuwa naye ungeyajua yote."

Kweli tupu, na sikumsamehe. Nilimpakulia chakula bila kumwangalia. Leo mchana kutwa namchukia. Hata miguu yake naichukia.

Kisha akamchukua Veronika na kutembea naye ukumbini, huku na huku, akimwimbia mlio wa treni. Chuu, chuu. Akanyamaza, mtoto. Sijui kama ni kwa kupenda au kwa kukosa nguvu.

Jumamosi, 17 Desemba

Posho ya sikukuu. Nyama imeongezwa, na sukari. Duka la kambi halina migebuka, samaki wa ziwa letu. Nilijua, lakini nimeuliza. Wana makayabu tu, samaki wa chumvi, mgumu kama ubao.

Karema siku ya Noeli tulikula migebuka mibichi kwa ugali wa muhogo. Masista waliwapa wasichana wote kipande cha sabuni yenye harufu. Tulitembea nyumba hadi nyumba tukiimba, na kila nyumba ilinuka samaki wa kukaanga. Nilikuwa yatima na siku hiyo sikuwa yatima. Ndiyo Noeli ninayoitaka. Nyingine siijui.

Jambo la leo. Nilimfumia Veronika kofia ya sufu nyekundu kwa kuwa anaona baridi. Vinsenti ana mafuta ya kutosha, sikumfumia. Kwenye mstari wa posho wanawake wote wakageuka. Mmoja akapiga makofi ya huzuni. "Yo! Amevalisha mumoja!" Hapo ndipo nilipojua. Mapasa hupewa sawasawa. Nguo sawa, chakula sawa, hata kipigo sawa. Ukimpa mmoja, mwingine anaondoka.

Mama Kalenga alivua kofia ya mwanawe. Nyekundu pia. Hakumgusa Vinsenti. Alinipa mkononi, akaniambia nimvalishe mimi.

Nimelia njiani. Hasira, shukrani, sijui ni nini.

Jumanne, 20 Desemba

Veronika anatapika maziwa ya kopo. Yote. Nachemsha kila kitu. Nayapooza. Namnyonyesha yeye kwanza, Vinsenti analia mpaka anakuwa wa zambarau. Namnyonyesha Vinsenti kwanza, kwa Veronika hakibaki kitu.

Nimekwenda kwenye mizani ingawa siyo siku yangu. Ameshuka tena. Kopo la mwisho walilokuwa nalo wamenipa. Mengine yatakuja na treni ya mwaka mpya.

Usinikondee, mwanangu. Unisubiri.

Siwezi kukaa. Nimehamisha kitanda kutoka ukuta huu kwenda ule. Jioni nikakirudisha.

Ijumaa, 23 Desemba

Aloizi ameondoka alfajiri. Mlangoni akavua kofia yake ya kazi, ile nyeusi ya makaa, akaitundika kwenye msumari. "Nina nyingine. Hii iache hapa. Ukiamua, waitukane kofia badala yangu." Akaenda bila kusubiri jibu.

Alasiri nimekwenda kanisani kuungama, na kumuuliza Padri: kusikiliza matusi ya mapasa ni dhambi au siyo? Mstari ulikuwa mrefu hadi nje, kambi nzima inajisafisha kwa Noeli. Nilisimama. Veronika alikuwa kifuani, kichwa kimelala begani. Hakulia. Alifungua mdomo tu, kama anayelia, sauti haikutoka.

Nilitoka kwenye mstari. Sikuuliza. Padri akisema ni dhambi, nitafanyaje? Nitarudi nyumbani na huyu mtoto na jibu.

Mizani imefungwa tangu leo. Nusu ya kopo imebaki, na hata hiyo haikai tumboni mwake.

Jumamosi, 24 Desemba

Asubuhi nimempeleka Rozalia kuchukua udongo wa kichuguu. Tumefinyanga hori, Maria, Yozefu, ng'ombe mwenye pembe moja. Rozalia amewaweka Yesu wawili kwenye hori. Nikamwambia Yesu ni mmoja. Akauliza, "Na mwenzake?" Nikaacha wakae wawili.

Kisha nikaenda kwa Mama Kalenga. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Nikasimama mlangoni kama mtu anayeomba moto.

"Kesho. Baada ya misa. Sitafunga."

Hakuacha kuchambua. "Na utatujibu?"

"Kujibu nini?"

"Tukikutukana, mama wa mapasa anarudisha. Asiporudisha, ni kama mulango iko imefungwa. Habakukuambia?"

"Mimi sijui kutukana, Mama Kalenga."

Hapo akaniangalia. "Kila mwanamuke anajua. Banajifichaka tu."

Jumapili, 25 Desemba. Noeli

Nitajaribu kuandika yote.

Misa asubuhi. Kanisa limejaa, akina mama wamevaa vikwembe vipya vya sare, kwaya imeimba Kilatini halafu Kiswahili. Nilingoja moyo wangu uruke kama zamani. Haukuruka. Nilikuwa nahesabu pumzi za Veronika. Vinsenti alipiga kelele wakati wa mahubiri, nikamshukuru Mungu kwa kelele zake.

Tukarudi. Mvua ikakatika. Nikawavika watoto, sawasawa, nikakaa kitandani. Nikawasikia wanakuja. Makopo, masahani, vigelegele. Niliinuka nikakuta mkono wangu uko kwenye komeo. Unafunga au unafungua, kwa dakika ile sikujua. Ukafungua.

Mama Kalenga alikuwa mbele. Akanipaka pemba kwenye paji la uso na mikononi. Wakatoa kiti nje, wakaweka juu yake kofia ya Aloizi, wakaanza na yeye.

"Baba mapasa mulafi! Moja haikumutosha, alirudia sahani!"

Wanaume waliokuwa uani walianguka kwa kucheka. Wakaja kwangu.

"Mama mapasa, tumbo gunia ya posho! Kapita alipima mara mbili!"

Na mengine. Hayo siandiki hata leo. Rozalia alicheza katikati yao, anayajua yote, na safari hii sikumgusa.

Kisha ngoma ikasimama. Wote wakaniangalia. Wakati wa kujibu.

Nilifungua mdomo. Hamna kitu. Nikaona uso wa Sista. Nikaona changarawe. Wakaimba tena, wakasimama tena. "Jibu, mama!" Hamna. Bibi mmoja mzee akatikisa kichwa. Wakaanza kutazamana. Mmoja akaliweka kopo lake chini. Niliona kabisa wanavyoanza kuondoka, kama siku ile.

Veronika alikuwa mikononi mwangu, mwepesi kama kitambaa.

Mama Kalenga akanisogelea sikioni. Hakuimba. "Nitukane, mama. Nakuomba. Maziwa iko naniuma."

Nikaona blauzi yake. Imelowa pande zote mbili. Akanigeuzia mgongo, akaanza kucheza peke yake mbele yangu, taratibu, bila ngoma, kiuno chake kikubwa kinakwenda huku na huku. Mwanamke mzima, anajifanya kichekesho ili mimi nipate la kusema.

Likatoka.

"Na weye, Mama Kalenga! Matako yako ni treni! Kichwa imefika Makomeno, wagoni ya mwisho ingali Sakania!"

 Ikazuka kelele ambayo sijawahi kusikia. Wanawake walishikana. Yule bibi mzee alikaa chini kwenye matope. Mama Kalenga mwenyewe aliinama, ameshika magoti, machozi yanatiririka juu ya pemba, anasema, "Yo mama! Yo mama! Masista banafundisha muzuri!"

Nami sikuweza kunyamaza. Ndicho kilichonishangaza. Yalikuwa mengi humu ndani. Nimewatukana wote mmoja mmoja, meno yao, waume zao, bukari yao yenye mabonge. Nimeitukana kofia ya Aloizi mpaka nusura niitemee mate. Nimeitukana mvua. Nikitukana huku nalia, na wao wanapiga makopo, na kila tusi wanaitikia, "Eeeh, Mama Mapasa!" Hawajawahi kuniita hivyo. Hadi leo nilikuwa Mama Rozalia.

Kisha Mama Kalenga akanawa kwa maji ya moto, akakaa kwenye kizingiti changu, akanyoosha mikono. Nikampa.

Veronika akageuza uso. Hakujua ni nini.  Mama Kalenga akakamua tone mdomoni kwake. Likatiririka shavuni. Akakamua tena. Mtoto amelala. Nikawaza: nimechelewa. Nimekaa na adabu yangu mpaka nimechelewa.

Akampuliza usoni, pumzi moja ya nguvu. Veronika akashtuka, akafungua mdomo kulia, na ziwa likaingia.

Nikasikia koo lake. Kumeza. Kumeza tena.

Sikupiga kigelegele. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikashika ukuta.

Tumekula nyama na sombe, na makayabu ambayo mtu amenipikia kwa kuwa nilikuwa nauliza samaki. Vitu vimeletwa viwili viwili: sahani mbili, vipande viwili vya sabuni, kuku wawili, mmoja mkubwa na mmoja mwembamba, wanawake wakagombana kuwa si sawa. Haikuwa Noeli ya kwetu hata kidogo. Sikuona aibu. Nimeanza kuona aibu sasa, ninapoandika, na ni ndogo.

Kazi mbili, 27 Desemba

Amenyonya kwa Mama Kalenga jana na leo. Hatapiki. Amelia. Kwa sauti. Nimekaa namsikiliza kama redio.

Mapasa ni sawasawa, kwa hiyo Vinsenti naye anapewa upande wa pili, hata kama ameshiba. Yule mwana mnene wa Mama Kalenga anawatazama kama mtu aliyeibiwa.

Aloizi amerudi. Hakuuliza habari za nyumbani. Alikaa, akanawa, akanitazama. "Sakania wameniuliza kama mimi ndiye mume wa yule mwanamke wa wagoni ya mwisho." Habari ilimtangulia kwa treni. Nilitaka ardhi inimeze. Akacheka mpaka akakohoa makaa.

Kisha akaenda kumwangalia Veronika, akaacha kucheka. Akaweka kidole mkononi mwake. Mtoto akakishika.

Siku ya Mungu, 1 Januari 1950

Bonane. Watu wanapita nyumba hadi nyumba, "Bonane, mama! Bonane!" wanataka sukari au munkoyo. Nimewapa.

Nafsi yangu bado haitulii. Nilidhani itatulia.

Niseme kweli. Leo nilimpakata Veronika, nikampa ziwa langu. Mama Kalenga akakohoa upande wa pili wa ukuta. Mtoto akaniacha, akageuza kichwa kuelekea sauti. Nimeumia. Nimeona wivu mbaya, wa mtu mdogo. Nilitamani kumfungia ndani, mlango na komeo.

Nikampeleka mwenyewe. Karibu nimtupie mtoto, siyo kumpa. Mama Kalenga aliniona usoni.

"Mama Mapasa, usinune. Huyu anapendaka chakula ya hoteli. Kulala atarudia kwako."

Nikamwambia hoteli yake ina harufu ya sombe. Akacheka, akasema nimeanza kuzoea. Sikucheka sana. Lakini nilikaa pale kizingitini mpaka mtoto akashiba, na mwana wake mnene nikampakata mimi. Mzito. Akanivuta rozari.

Kazi tano, 6 Januari

Sikukuu ya Wafalme. Mvua ndogo.

Mizani imefunguliwa. Vinsenti amepanda. Veronika amepanda. Kidogo, lakini juu. Madamu aliuliza ni maziwa gani nimempa. Nikasema ya jirani. Akaandika kitu.

Gaspari, fundi wa reli, anakwenda likizo kwao Kirando. Atapita Albertville, atavuka ziwa, atafika Karema kwa dada yangu Kristina. Ameniambia nimpe maagizo yangu. Watoto wamelala wote watatu. Kwenye kibatari hakuna mafuta mengi, kwa hiyo naandika tu ninavyovikosa bado:

Migebuka mikavu. Ifungwe kwa majani, siyo gazeti.

Chumvi ya Uvinza, kama ipo.

Mbegu za mlenda wetu, wa majani membamba. Wa huku hauvutiki.

Sindano za kufumia. Moja yangu imepinda.

Mkeka mpana, wa kulala wawili na kugaagaa.

Khanga, doti moja. Kristina asiikate, nitaikata mwenyewe. Kipande kimoja changu. Kingine cha Mama Kalenga, cha kumbebea Veronika.